Alama za Mawe na Alama za Ukoo katika Nchi ya Ukambani

Katika Kaunti ya Makueni, nchini Kenya, kiko kilima cha mawe kiitwacho Nzaui, ambacho Wakamba wamekitaja tangu kale katika habari za asili yao. Wazee husimulia kwamba Mulungu aliwashusha mume na mke wa kwanza kutoka mawinguni akawaweka juu ya jabali hilo, na ya kuwa nyayo zao, pamoja na za mifugo yao, zingali zikionekana katika jiwe. Mtu akisikia habari hiyo huuliza upesi: ikiwa miguu ya wazee wetu imeandikwa jiweni, je, maneno yao hayakuandikwa? Yako maandishi ya kale katika mawe ya Kitui na Makueni?

Swali hilo ni zuri, lakini kabla ya kulijibu yafaa tupambanue alama na maandishi. Alama humkumbusha mtu jambo analolijua tayari, kama vile mpaka wa shamba au mwenye ng'ombe. Maandishi hushika maneno yenyewe, hata mgeni aliyezaliwa miaka mia tano baadaye aweza kuyasoma kama yalivyotamkwa, mradi amejifunza herufi. Wakamba wa kale hawakuwa na herufi zao wenyewe. Alama walikuwa nazo, tena nyingi, nasi tutazieleza punde.

Mara nyingi mchungaji huona mistari na vishimo juu ya jabali akadhani amegundua barua ya watu wa zamani. Sehemu kubwa ya mawe ya Ukambani ni ya umri mkubwa mno. Yalipikwa kwa joto na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, yakatokea yana mistari ya weupe na weusi. Jua na mvua huula mstari laini upesi kuliko ule mgumu. Na chembe nyekundu zilizomo ndani ya jiwe zikidondoka, huacha vishimo vidogo. Basi mtu atapambanuaje? Na autazame mstari mpaka mwisho wake. Mstari wa jiwe lenyewe huendelea hata upande wa pili wa jabali na kuzama ndani. Mstari wa patasi hukoma pale mkono wa mtu ulipokoma.

Vishimo vilivyopangwa kwa safu ni jambo jingine. Hivyo ni kazi ya watu, ila aghalabu si maandishi bali ni bao la kuchezea. Mabao ya namna hiyo yaliyochongwa katika jabali yapo Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali alipochimba Bibi Mary Leakey tangu mwaka 1937. Huenda msomaji akacheka, lakini wachezaji wale nao wametuachia habari: kwamba walikaa hapo, na kwamba walikuwa na nafasi ya kucheza.

Atakaye kuona maandishi ya kale yaliyo maandishi kweli, na ashike njia waliyoifuata Wakamba wenyewe katika karne ya 19 walipokuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa. Huko pwani, katika magofu ya Gedi karibu na Malindi, ambako Bwana James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, liko kaburi lililoandikwa kwa Kiarabu mwaka 802 wa Hijra. Mwaka huo ulianza katika mwaka 1399 kwa hesabu ya miladi. Msomaji akijumlisha 802 na 622, mwaka wa Hijra yenyewe, atapata 1424, naye atasema tumekosea. Hatukukosea. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku 354 au 355 tu, na kwa hiyo miaka 802 ya mwezi ni kama miaka 778 ya jua. Mzee zaidi kuliko kaburi hilo ni mwandiko wa Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107.

Faida ya mstari mmoja kama huo ni kubwa. Vigae vikipatikana chini ya kaburi lenye tarehe, vyajulikana kuwa ni vya kabla yake. Na vigae vya namna ile ile vikionekana mahali pasipo na neno hata moja lililoandikwa, mahali hapo napo pameanza kupata umri wake.

Herufi zilifika Ukambani baadaye sana. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alisafiri hadi Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, na huko ndiko alikouona mlima Kenya. Mwaka uliofuata Injili ya Marko kwa lugha ya Kikamba ilipigwa chapa Tübingen, Ujerumani. Kabla ya hapo, basi, Wakamba waliandika nini?

Waliandika mali yao. Kila ukoo, ambao wao huuita mbai, ulikuwa na alama yake. Ng'ombe alichomwa alama hiyo kwa chuma cha moto, na alama iyo hiyo ilichongwa katika mshale na katika mzinga wa nyuki. C. W. Hobley alieleza habari za alama hizo katika kitabu chake cha mwaka 1910, na Gerhard Lindblom wa Uswidi, aliyekaa na Wakamba kabla ya vita ya 1914, naye alizieleza katika kitabu kilichotoka Uppsala. Hazikuwa pambo. Mnyama aliyechomwa mshale wa sumu huenda mbali kabla ya kufa, na akutwaye amekufa hugombewa. Ndipo mshale ulipotolewa ukasomwa. Asali ikiibwa, mzinga ulikuwa shahidi. Katika baraza la wazee mikato miwili mitatu juu ya mti iliweza kumaliza shauri ambalo maneno ya siku nzima yasingelimaliza.

Majirani zao Wakikuyu walikuwa na gicandi, kibuyu kilichochorwa alama nyingi, ambacho waimbaji wawili walishindana kukifumbua kwa nyimbo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo watu wa bara hili la Kenya walipoukaribia mwandiko kuliko mahali pengine.

Lakini mti si jiwe. Mzinga huliwa na mchwa, mshale huoza, na ng'ombe hufa na ngozi yake. Kilichosalia ardhini ni vigae na mavi ya chuma. Vyungu vya Wabantu wa kale vilivyotambuliwa kwanza Kwale, vyenye umri wa karne za mwanzo baada ya Kristo, vimeonekana pia katika vilima vya Chyulu, nasi twajua hivyo kwa kutazama midomo yao na michoro yao tu. Ndiyo maana hasara ni kubwa pale wanapotokea watu wanaonong'onezana kwamba alama juu ya jiwe ni ramani ya mali iliyofukiwa, wakalipasua jabali kwa nyundo na moto. Mali hawapati, na alama haipo tena.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yamtaka kila agunduaye kitu cha kale awaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndani ya siku saba, akitaja mahali hasa alipokiona. Asikioshe wala asipake chokaa au makaa ili mistari ionekane vizuri, kwani rangi hiyo haitoki. Apige picha asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama, kwa maana ndipo vivuli huingia katika mikato. Na kando ya alama aweke rula au kalamu ili ukubwa ujulikane.

Kwa alama za mbai, kazi ni nyepesi zaidi, ila haingoji, maana wazee waliojifunza kuzisoma katika mizinga ya baba zao wanapungua. Mtoto wa shule aweza kuifanya kwa daftari moja: ajaze ukurasa mmoja kwa kila alama, na chini yake aandike jina la mbai, jina la kijiji, ilikuwa juu ya mzinga au mshale au ng'ombe, ni nani aliyemweleza, na tarehe.