Kikundi Kilichoanzia Gereji

Katika vikundi tunavyotembelea tunaona shida moja: mtu akijua kazi, anaificha. Tulikuwa na mama mmoja hodari wa kujenga jiko linalotumia kuni chache. Alipohamia kwa mwanawe mjini, ujuzi ulienda naye, wenzake wakabaki na udongo tu. Ndiyo maana leo tunawaletea habari za kikundi cha Marekani, ingawa wao walijenga kompyuta.

Mwaka 1975 kompyuta ilikuwa mali ya serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Januari mwaka huo gazeti moja la mafundi likatangaza Altair 8800, ambayo ungeweza kununua vipande vyake ukaviunganisha mwenyewe nyumbani. Ukimaliza, haina kioo wala vibonye vya herufi. Ni swichi na taa ndogo ndogo tu! Sasa uifanyie nini?

Basi tarehe 5 Machi watu kama 30 wakakutana katika gereji ya Gordon French, mjini Menlo Park, California. Wakajiita Homebrew Computer Club. Walipoongezeka wakahamia ukumbini, na Lee Felsenstein akawa msimamizi wa mikutano. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza watu wanasimama, kila mmoja anaeleza ana nini, anatafuta nini, amekwama wapi. Halafu kikao kinavunjwa, wanatafutana: mwenye shida na mwenye dawa yake. Hebu angalieni, kusema "nimekwama" haikuwa aibu. Kwetu mkutano mzima unaliwa na kumbukumbu na madeni ya michango, na fundi anarudi nyumbani bila kuulizwa lolote.

Humo alikuwamo kijana mwenye haya, Steve Wozniak. Alibuni kompyuta yake, akawagawia wenzake michoro bure. Mwaka 1976 yeye akauza kikokotoo chake, rafiki yake Steve Jobs akauza gari, wakapata mtaji wa kuanzisha Apple.

Ugomvi nao ulikuwako. Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia barua kali, eti wananakili programu ya kampuni yake bila kulipa. Sisi tunaona alikuwa na haki. Kugawa ujuzi wako ni hiari yako. Jasho la mwingine, muulize kwanza.

Mikutano yao iliendelea hadi 1986. Kikundi kinachotaka kujaribu utaratibu ule kitenge nusu saa kabla ya mwekahazina kufungua kitabu, maana akishafungua, hakuna atakayezungumza habari za jiko.