Mitandao ya Kijamii na Majukwaa ya Ndani ya Kampuni: Suala la Kumbukumbu ya Kazi

Wafanyakazi wa leo hushirikiana kwa njia mbili za intaneti. Ya kwanza ni mitandao iliyo wazi kwa watu wote, kama vile WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009. Ya pili ni majukwaa ya ndani, yaani programu ambazo mwajiri huwawekea watu wake peke yao. Mojawapo ni Microsoft Teams, iliyozinduliwa mwaka 2017. Kwa kawaida njia hizi hulinganishwa kwa wepesi na gharama. Hata hivyo, tofauti iliyo nzito zaidi ni hii: nani anamiliki kumbukumbu ya kazi?

Katika WhatsApp, akaunti hufungamana na namba ya simu ya mtu binafsi, na mazungumzo hubaki katika simu za wanakikundi. Mwenye simu akiondoka kazini, huondoka na maneno yake. Katika jukwaa la ndani, akaunti ni mali ya mwajiri: ndiye anayeifungua, anayeifunga, na anayeamua ujumbe uhifadhiwe kwa muda gani.

Hatari ya njia ya kwanza ilidhihirika nchini Marekani. Sheria za huko huzitaka kampuni za biashara ya hisa zihifadhi mawasiliano ya kazi. Mnamo Septemba 2022, tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa ilizitoza kampuni 16 faini iliyozidi dola bilioni 1.1, kwa kuwa wafanyakazi, wakiwamo wakubwa, walikuwa wamejadili kazi kwa simu zao binafsi pasipo kumbukumbu kuhifadhiwa.

Njia ya pili nayo si salama kabisa. Meta ilizindua jukwaa la Workplace mwaka 2016. Mei 2024 ikatangaza kulifunga, na kampuni zilizolitumia zikapewa muda wa kuhamisha maandishi yao. Kwa hiyo mwajiri aliyepanga nyumba ya mwenzake huweza naye kuhamishwa. Isitoshe, mfanyakazi ajuaye kwamba mkubwa wake aweza kusoma yote hupima maneno yake, na pengine hunyamaza.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili, suala hili lina upande mwingine. Nchini Kongo, Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Huko Katanga, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi ya migodini tangu enzi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906. Lakini maandishi ya ofisi yalikuwa ya Kifaransa. Mgawanyo huo waweza kurudi kwa sura mpya: taarifa ya Kifaransa ikawekwa katika jukwaa, na agizo lenyewe likatolewa kwa Kiswahili, kwa sauti, katika simu ya mtu.

Ikiwa ndivyo, ajali au ugomvi wa kazi ukizuka, ushahidi wa mfanyakazi umo katika simu yake tu, na simu huibwa au huharibika. Basi haitoshi kuwakataza watu mitandao ya kijamii. Yafaa jukwaa la ndani lipokee pia lugha ambayo kazi hufanywa kwayo, na mfanyakazi awe na haki ya kupata nakala ya agizo alilopewa.