Je, bakteria wazuri huzuia ukurutu kwa watoto?

MZAZI aliyewahi kukesha na mtoto anayejikuna hadi kutoka damu hutamani kinga yoyote dhidi ya ukurutu. Ndiposa utafiti uliofanywa mjini Turku, Finland, na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 2001 ulizua matumaini makubwa.

Wajawazito 159 waliotoka katika familia zenye mzio waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa bakteria aina ya Lactobacillus GG wiki chache kabla ya kujifungua, na matumizi yakaendelea kwa miezi sita baadaye. Kundi la pili lilipewa tembe zisizo na bakteria hao. Watoto walipofikisha miaka miwili, asilimia 23 ya wale wa kundi la kwanza walikuwa na ukurutu, ikilinganishwa na asilimia 46 katika kundi la pili.

Yaaminika kwamba bakteria wa utumboni huifunza kinga ya mwili kutoshambulia vitu visivyodhuru, kama vile chakula.

Hata hivyo, watafiti wa Ujerumani waliotumia bakteria hao hao hawakuona nafuu yoyote, kulingana na matokeo yao ya 2008. Isitoshe, hakuna ushahidi thabiti kuwa huzuia pumu.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, suala si la ngozi tena. Mnamo 2023, mamlaka ya chakula na dawa nchini Marekani ilionya madaktari, baada ya kifo cha mtoto mmoja, kuwa bakteria hao wanaweza kupenya hadi kwenye damu.