Namba Moja Haitoshi Kupimia Jarida la Tiba

Katika kliniki za sukari na presha za Likoni, Kisauni na Changamwe hapa Mombasa, mgonjwa akitumwa kupimwa mafuta kwenye damu hurudi na karatasi yenye mistari minne: kolesteroli yote kwa jumla, LDL ambayo wengi huiita kolesteroli mbaya, HDL inayoitwa nzuri, na trigliseridi. Hakuna namba moja kati ya hizo inayomtosha tabibu kusema kuwa mishipa ya mgonjwa i salama. Huitazama kila moja kwa nafasi yake, akauliza umri, sigara, presha, sukari na maradhi ya ukoo, ndipo anapoamua kama vidonge vya statini, vya kushusha kolesteroli, vinahitajika. Busara hiyo ameipata kutoka kwenye majarida ya kitaalamu, lakini majarida hayo yenyewe tumezoea kuyapima kwa namba moja tu. Jarida huitangaza namba yake mbele ya kila mtu, mtafiti huitazama kabla ya kupeleka makala, na kamati za kupandisha vyeo huichukulia kuwa cheti cha ubora. Ninashikilia kuwa namba hiyo ina kazi yake, lakini kazi hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Ushahidi hatuna haja ya kuutafuta mbali, kwa sababu historia ya utafiti wa mafuta ya damu ina baadhi ya mizizi yake hapa Afrika Mashariki.

Kipimo chenyewe kilizaliwa Marekani. Mwaka 1955 Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa itakayoonyesha kila makala imerejelewa na zipi zilizokuja baada yake, ili msomaji aweze kulifuata wazo tangu lilikoanzia hadi lilikofika. Taasisi yake mjini Philadelphia iliitoa faharasa hiyo katika miaka ya 1960, na humo yeye na mwenzake Irving Sher wakapata njia ya kulinganisha majarida, ambayo hapa nitaiita kipimo cha athari. Hesabu yake ni nyepesi. Huchukuliwa marejeleo yote ya mwaka mmoja yanayohusu yale ambayo jarida lilichapisha katika miaka miwili iliyotangulia, yakagawanywa kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio za miaka hiyo miwili. Tuseme jarida la maradhi ya mafuta ya damu lilitoa makala 200 katika miaka miwili, na mwaka uliofuata zikarejelewa mara 700. Kipimo chake ni 3.5. Siku hizi kampuni ya Clarivate ndiyo inayotangaza hesabu hizo kila mwaka, na tangu 2016 hifadhidata ya Scopus ina kipimo chake, CiteScore, ambacho sasa huhesabu kwa miaka minne. Kwa mkutubi mwenye bajeti finyu anayetaka kujua alipie majarida gani, hesabu kama hizi zina manufaa ya kweli. Taabu huanza zinapotolewa maktabani na kupewa kazi ya kumhukumu mtafiti na utafiti wake.

Sababu ya kwanza ni kwamba kipimo hiki ni wastani, na wastani huficha mengi pale ambapo wachache wamebeba mzigo wa wengi. Per Seglen, mtafiti wa Norway, alionyesha katika miaka ya 1990 kuwa takriban asilimia 15 ya makala za jarida huleta nusu ya marejeleo yake yote. Kwa hiyo katika lile jarida letu la mfano, makala kama 30 hivi zingeweza kubeba marejeleo 350, na makala 170 zilizosalia zikagawana yaliyobaki. Mwandishi wa mojawapo ya hizo 170 hujivunia 3.5 ambayo hakuichuma, na yule wa kundi la 30 hupewa chini ya haki yake. Mfano uliovuka mipaka ni wa jarida la elimu ya fuwele, Acta Crystallographica A. Kipimo chake kilikuwa karibu 2 kwa mwaka 2008, kikaruka hadi karibu 50 kwa mwaka uliofuata, na kufikia 2011 kilikuwa kimerudi karibu 2. Jarida halikubadilika. Makala moja ya George Sheldrick ya 2008 kuhusu programu ya kompyuta ndiyo iliyorejelewa na maelfu ya watu. Katika fani ya mafuta ya damu, makala moja ya mwongozo wa tiba inayorejelewa na kila anayeandika kuhusu statini inaweza kulipandisha jarida kwa njia hiyo hiyo, hata kama ubora wa makala nyingine zote umebaki vile vile.

Sababu ya pili ni muda. Mwaka 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones waliokuwa Kampala walichapisha katika Lancet utafiti juu ya kolesteroli, chakula na maradhi ya moyo miongoni mwa Waafrika na Waasia wa Uganda. Waliona kuwa maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa karibu hayapo kwa Waafrika, ilhali kwa Waasia waliokuwa jirani zao yalikuwa tatizo kubwa, na kwamba viwango vya kolesteroli vya makundi hayo mawili vilitofautiana pia. Swali walilolizua bado ni hai katika mji wowote wa pwani ambamo jamii zenye asili na vyakula tofauti zinaishi mtaa mmoja. Mwaka 2012, baada ya zaidi ya nusu karne, International Journal of Epidemiology liliichapisha upya makala hiyo ili ijadiliwe tena. Kwa kanuni ya miaka miwili, uhai huo wote hauhesabiki. Makala ya 1959 ingelifaa jarida lake katika hesabu za 1960 na 1961 tu, kisha kila rejeleo la baadaye likaangukia nje ya mizani. Maradhi ya mafuta ya damu huchukua miongo kuziba mshipa, na kumfuatilia mgonjwa hadi ijulikane kilichompata huchukua miaka mingi. Fani ya namna hiyo haiwezi kutendewa haki na dirisha linalofungwa kabla ya utafiti unaofuata kupata hata ufadhili.

Sababu ya tatu ni kuwa kurejelewa si kukubaliwa. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha katika Journal of Atherosclerosis Research, jarida ambalo tangu 1970 linaitwa Atherosclerosis, matokeo ya kuwapima Wamaasai wa Tanganyika, wakiwamo wanaume 400. Watu hawa walikula maziwa na nyama kwa wingi, lakini kolesteroli yao ilikuwa ndogo na dalili za maradhi ya mishipa zilikuwa chache mno. Makala hiyo imerejelewa na wanaopinga kuwa mafuta ya wanyama huleta maradhi ya moyo, ikarejelewa na wanaojaribu kuwajibu, na pia na wanaodhani kuwa mwendo mrefu wa kila siku ndio uliowakinga Wamaasai. Mwaka 1972 Mann mwenyewe na wenzake walitoa uchunguzi wa mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Humo iligundulika kuwa kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kweli, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu iliendelea kupita. Taarifa hiyo ya pili inaibadilisha sana maana ya ile ya kwanza. Lakini mashine inayohesabu marejeleo haiulizi kama mwandishi anasifu, anapinga au ananukuu nusu ya habari. Kila mtajo kwake ni moja.

Sababu ya nne ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa ng'ambo hii ya feri ya Likoni. Marejeleo yanayohesabiwa ni yale tu yanayotoka katika machapisho ambayo hifadhidata imeyakubali. Kenya ina jarida la tiba lililoanzishwa 1923 na ambalo kwa miongo mingi limejulikana kama East African Medical Journal. Mtandao wa African Journals Online umekuwa ukiyafikisha majarida ya bara hili kwa wasomaji tangu 1998. Hata hivyo mengi ya majarida hayo hayamo katika hifadhidata zinazotoa vipimo, kwa hiyo daktari wa Mombasa akirejelea humo utafiti wa Atherosclerosis, rejeleo lake haliingii hesabuni. Wizara ya Afya ilipotoa mwongozo wa kitaifa wa maradhi ya moyo na mishipa mwaka 2018, ule unaomwelekeza mhudumu nani apewe statini, tafiti zilizoujenga hazikuongezewa chochote kwenye kipimo, kwa kuwa mwongozo wa wizara si jarida. Angalia pia utafiti wa 2007 katika jarida lilo hilo la Atherosclerosis, uliofanywa kwa wanawake vijana waliokuja kliniki ya wajawazito nchini Zimbabwe. Baadhi yao walikutwa na badiliko katika jeni ya PCSK9 linaloshusha LDL, na mmoja aliyelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili alikuwa na LDL ndogo mno huku afya yake ikiwa njema. Ushahidi kama huo, pamoja na uliotoka Ufaransa na Marekani, uliwapa wanasayansi ujasiri kuwa kuizuia PCSK9 kunaweza kuwa tiba salama. Dawa za kwanza za aina hiyo zilikubaliwa Marekani na Ulaya mwaka 2015, miaka 6 baada ya mwaka wa mwisho ambao utafiti ule ulihesabiwa katika kipimo.

Wapo watakaosema kuwa tukiiacha namba tutafungua mlango wa upendeleo, na kwamba majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote kwa malipo yatatuzamisha. Hofu hiyo ni ya haki. Mhadhiri asiye na mtu wa kumshika mkono anaweza kuona namba kuwa kinga yake dhidi ya kamati inayojuana. Lakini dawa ya upendeleo ni vigezo vilivyoandikwa na kutangazwa, navyo vinaweza kuwa zaidi ya kimoja. Matapeli nao wamejifunza kubuni vipimo vya uongo na kuvibandika kwenye tovuti zao, kwa hiyo anayeitegemea namba peke yake ndiye anayenaswa kwa urahisi. Wengine watasema majarida yenye kipimo kikubwa kwa kawaida huwa na uhakiki mkali zaidi. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana sisemi kipimo kitupwe. Ninachokataa ni kuitumia sifa ya jarida zima kama hukumu ya makala moja au ya mtu mmoja. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoandaliwa 2012, lilikataa jambo hilo hilo waziwazi, na Ilani ya Leiden ya 2015 ikaongeza kuwa utafiti unaohusu mahitaji ya mahali fulani lazima ulindwe.

Ulinzi huo ni wa lazima hapa. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015, unaohusu maradhi yasiyoambukiza, ulidhihirisha kuwa watu wazima wengi mno nchini hawajawahi kupimwa kolesteroli hata mara moja. Mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia huingia kwa meli bandarini mwetu, na karibu nusu ya mafuta hayo ni ya ile aina inayopandisha LDL. Huuzwa kwa kupimiwa madukani, na karai moja hukaanga viazi, bhajia na samaki kwa mafuta yaliyokwisha kuchemka mara nyingi. Mtafiti atakayepima damu za walaji wa Mtongwe au Magongo na kueleza mazoea hayo yanawafanya nini, huenda asirejelewe sana Boston katika miaka miwili. Akijua kuwa cheo chake kinategemea namba hiyo, ataliacha swali letu na kufuata la wengine. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo mwongozo wake wa 2014 uliwapa wahadhiri alama kwa makala za majarida, inao uwezo wa kuzuia hasara hiyo. Kamati na isome makala yenyewe, iulize nani ameirejelea na kwa hoja gani, imeishi miaka mingapi, na imeingia katika mwongozo gani au imebadilisha desturi gani hospitalini. Kipimo cha athari kikae mwisho wa orodha kama taarifa kuhusu jarida. Kazi hii ni nzito kuliko kusoma namba moja, lakini vyuo vikuu viliundwa kuifanya, na wagonjwa wa mafuta ya damu wa pwani hii wanastahili elimu iliyochaguliwa kwa namna hiyo.