Mvua na fagio: jinsi ya kutandika gazoni mbele ya nyumba



Nyumba ya mama yangu iko kwenye mteremko, katika teritware ya Walungu, Kivu ya Kusini. Mwaka nilipomaliza chuo cha kilimo nilirudi nyumbani, nikakuta mawe ya msingi yanaonekana nje upande wa chini. Nilipokuwa mtoto mawe yale hayakuonekana. Tulikuwa tunatoka mlangoni tunakanyaga udongo moja kwa moja. Sasa mama alikuwa ameweka jiwe kubwa liwe ngazi.

Nikamuuliza: « Mama, nani alichimba hapa? »

Akanijibu: « Hakuna mutu alichimba. Ni mvua. Na mimi mwenyewe na fagio yangu, kila asubui. »

Jibu hilo lilinifundisha kitu ambacho chuoni hawakunionyesha vizuri. Chuoni tulisoma mmomonyoko wa udongo shambani: matuta, miti, majani ya kukingama. Lakini parseli ambamo watu wanalala tuliiacha nyuma. Na kwetu wote mnajua desturi: uwanja mweupe uliofagiliwa ni heshima ya mwenye nyumba. Wageni wakikuta majani mbele ya mlango watasema ndani hakuna mama. Kwa hiyo tunafagia, tunafagia, na kila siku fagio inalegeza udongo kidogo, kisha mvua inaubeba.

Hesabu kidogo

Mvua ya milimetre 1 ikianguka juu ya metre moja ya mraba inatoa litre 1 ya maji. Tuseme nyumba yako ina mabati ya metre 40 za mraba. Siku ya mvua kubwa, tuseme milimetre 30, mabati yale yanamwaga litre 1.200. Hiyo ni bido 60 za litre 20, na zote zinaanguka kwenye mstari mmoja, chini ya ukingo wa mabati. Mtu akija kukumwagia bido 60 kando ya ukuta wako, utamfukuza. Mvua tunaiacha.

Sasa tuhesabu udongo. Ukiwa na uwanja wa metre 100 za mraba, na mvua za miaka michache zikaondoa unene wa santimetre 1 tu, umepoteza metre kibu 1 ya udongo. Ni zaidi ya tone moja, karibu burueti 16 au 17. Udongo huo unaenda wapi? Unashuka kwa jirani wa chini, unaziba mutaro wa barabara, unafika kwenye chanzo cha maji, mwishowe unajaza mifereji ya marais ambamo koperative inalima maharagi na mboga. Kisha tunafanya salongo siku mbili ili kuzibua mifereji, na hatuulizi udongo ulitoka wapi. Sehemu moja ulitoka mbele ya milango yetu.

Kosa langu la kwanza

Nilikuwa na diploma mpya, nikataka kumwonyesha mama kwamba pesa ya masomo haikupotea. Nikasema nitatandika gazoni. Nilifanya makosa matatu, nayaeleza ili wewe usiyarudie.

Kwanza, nilitandika mwezi wa sita, kiangazi kikianza. Mama alibeba maji kutoka chanzo kila jioni karibu wiki tatu. Siku moja akatua bido, akaniambia: « Mutoto yangu, mayi ya kunywa kwanza. » Alikuwa na haki. Majani yakakauka.

Pili, niliweka mapande juu ya udongo mgumu uliofagiliwa miaka mingi, bila kulima. Mizizi haikupata mahali pa kuingia. Mvua za mwezi wa tisa ziliporudi, mapande yaliyobaki yaliteleza hadi kwenye kiingilio cha parseli.

Kosa la tatu ndilo lilinipatia haya. Majani yale niliyachukua yote kwenye ukingo wa njia, juu ya shamba la jirani. Mvua ikapasua ukingo ule, udongo ukafunika mistari yake ya maharagi. Yule mzee alikuja polepole na fimbo yake, akatuonyesha, akasema neno moja: « Umefunga kidonda yako na ngozi yangu. » Tulimwomba radhi, tukalipa mbegu, na mimi nikajaza ukingo kwa mikono yangu.

Mwezi wa kumi mwaka ule ule nilianza upya, na mara hii nilifuata mambo yanayofuata hapa.

Majani gani?

Kwa uwanja wenye jua, chagua pasipalumu, ile gazoni ya majani mapana kidogo mnayoiona mbele ya makanisa, hospitali na nyumba za zamani za plantasio. Asili yake ni Amerika, lakini imezoea milima yetu. Inavumilia udongo mwekundu usio na mafuta, inavumilia kukanyagwa, na mizizi yake inashuka sana. Kivuli haipendi, kwa hiyo chini ya avoka usiipoteze bure.

Epuka kikuyu karibu na shamba. Ni majani mazuri kwa ng'ombe, na juu milimani yanakua kwa nguvu. Lakini yanatembea chini ya udongo na juu yake, na yakiingia katika maharagi utayang'oa mpaka uzee. Hata pasipalumu usiifikishe kwenye shina la ndizi. Mizizi mingi ya ndizi iko juu juu, na majani yataila mbolea yake. Acha nafasi ya metre 1.

Namna ya kutandika

1. *Angalia maji kwanza.* Mvua ikinyesha, simama mlangoni uangalie maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanasimama wapi. Weka vijiti. Usianze kazi kabla ya kujua hilo.

2. *Chagua majira.* Kwetu ni mwezi wa kumi na wa kumi na moja, ao mwezi wa tatu. Baada ya katikati ya mwezi wa ine usitandike tena, juu majani yanahitaji wiki sita hivi za mvua mbele ya kiangazi.

3. *Chini ya ukingo wa mabati weka mawe.* Acha mkanda wa santimetre 50 kutoka ukutani, ujaze mawe madogo ao kokoto. Matone ya mabati yatachimba hata gazoni nzuri. Tena usipandishe udongo kwenye ukuta wa matofali mabichi ao wa miti na udongo: unyevu na muchwa watapanda nao.

4. *Lima santimetre 10 hadi 15.* Toa mizizi ya majani mabaya na mawe. Changanya samadi iliyooza vizuri, burueti 1 kwa metre 10 za mraba. Sawazisha ili uwanja ushuke kutoka nyumba, santimetre 2 kwa kila metre 1, pasipo shimo la kutunza maji, kwani hapo mbu watazaa. Kanyaga polepole ili udongo ukae. Kando ya njia, udongo ubaki chini kwa unene wa pande, ili gazoni na njia vilingane.

5. *Kata mapande.* Siku moja mbele, nyesha maji pale utakapokata. Chukua kipande cha ubao cha santimetre 25 kwa 25, ukiweke juu ya majani, zungusha mupanga pande zote, kisha inua kwa beshi ao jembe pana. Unene uwe santimetre 4 pamoja na udongo. Metre moja ya mraba inahitaji mapande 16. Yatandike siku ile ile. Yakingoja, yawe kwenye kivuli chini ya majani ya ndizi.

6. *Anza chini ya mteremko, ukingame.* Panga mapande namna mwashi anavyopanga matofali: kiungo cha mstari wa juu kisiangukie kiungo cha mstari wa chini. Ukipanga viungo vikafuatana, umeitengenezea maji barabara. Sukuma mapande yagusane. Weka ubao juu, uupige kwa mguu. Kwenye mteremko mkali funga kila pande kwa vijiti viwili vya santimetre 20. Jaza udongo laini katika nafasi zinazobaki.

7. *Nyesha mara moja.* Inua kona ya pande moja uone: maji yafike hadi kwenye udongo wa chini. Siku kumi za kwanza, kama mvua haikunyesha, nyesha kila jioni. Maji ya kusafisha mboga yanafaa. Ya sabuni nyingi, hapana.

8. *Zuia miguu wiki tatu.* Watoto, kuku, mbuzi. Weka kamba ao miiba. Baadaye shika majani uvute kidogo: yakikataa kutoka, mizizi imeingia.

Kama mapande hayatoshi

Hauna lazima ya kufunika uwanja wote kwa siku moja. Pale maji yanapokimbia, yaani kando ya mkanda wa mawe na kwenye mteremko, weka mapande mazima. Mahali pa tambarare panda vipande vidogo. Metre moja ya mraba ya gazoni inatoa vipande 100 vya santimetre 10 kwa 10. Ukivipanda kila santimetre 25, utatumia 16 kwa metre ya mraba. Basi metre moja uliyokata itapanda karibu metre 6. Itachukua miezi kadhaa kufunga nafasi, na utang'oa magugu kati yake. Ni bei ya uvumilivu tu.

Kuhusu mahali pa kukata: omba mwenye mahali. Kata mkanda wa santimetre 25, acha mkanda wa santimetre 25, ukate mwingine. Jaza udongo na samadi katika nafasi ulizokata, na mikanda iliyobaki itazifunga. Kwenye ukingo wa njia, juu ya chanzo na juu ya shamba la mtu, usikate hata pande moja. Mimi nililipa hiyo masomo.

« Na nyoka? »

Katika kila mkutano ba mama wananiuliza hivyo. Nyoka anajificha katika majani marefu, katika kuni zilizolundikwa na katika mawe. Gazoni iliyokatwa kwa santimetre 5 hadi 8 haimfichi. Kwa hiyo kata kwa kupekupe kila mara inapopita hapo, na majani uliyokata uwape sungura, simbilisi ao mbuzi. Ukiacha gazoni ikue hadi magoti, umetengeneza pori mlangoni na swali la nyoka litakuwa la kweli.

Mahali pa kuanika pia papatikane. Acha sehemu moja ya uwanja iliyo tambarare, uipige vizuri, utandike shitingi yako ya maharagi ao mihogo hapo. Na fagio haikufukuzwa: pitisha fagio ya vijiti juu ya gazoni, itaondoa majani makavu na udongo utabaki.

Gazoni haiwezi yote

Niseme ukweli. Gazoni inashika udongo wa juu. Mlima wenyewe ukianza kutembea, gazoni itatembea nao. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, katika teritware ya Kalehe, maji na matope vilipita Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafariki. Majani ya uwanja hayangezuia kitu kama kile. Basi ukiona nyufa ndefu juu ya nyumba, miti imeanza kuinama, milango haifungi tena sawa na zamani, ao maji yanatoka mahali pasipokuwa na maji, usitafute mapande. Ondoa watoto, mwambie chifu na majirani wa chini.

Na kama maji ya mabati ni mengi, gutière na pipa vinasaidia kuliko majani. Gazoni ni ya maji yanayobaki.

Kazi ya koperative

Mtu peke yake atachoka, na atavutwa kukata pale asipoombwa, sawa mimi. Koperative inaweza kufanya vizuri zaidi. Pandeni pasipalumu kwenye metre 100 za mraba karibu na depo, muichunge mwaka mmoja, muikate kwa mikanda. Kisha fanyeni likelemba ya kazi: nyumba tano, kila siku ya posho parseli moja. Anzeni na yule aliye juu kabisa ya mteremko, hata kama yeye haoni tatizo, kwa sababu maji yake ndiyo yanawashukia wengine wote. Mkianza chini, mutafanya kazi mara mbili.

Leo mawe ya msingi ya mama yangu hayaonekani tena. Tulirudisha udongo burueti kwa burueti, tukafunika. Yule mzee jirani alipita mwaka uliofuata, akasimama, akagonga gazoni kwa fimbo yake. Hakunisifu. Aliuliza tu: « Na kwangu, mutakuja lini? »

Tulienda mwezi wa tatu, na mapande tulikata kwenye uwanja wa mama.