Mbele ya kuchapa, kunja karatasi kwanza

Tangu tutangaze kwamba toleo la pili la jarida letu liko njiani, wengi wananiuliza: "Wewe ni agronomu, mambo ya jarida uliyasomea wapi?" Sikuyasomea popote. Nimeyajua kwa makosa, na kosa moja bado linaniuma.

Toleo la kwanza tulichapa nakala 150, hapa hapa Bukavu. Kurasa zote nilizipanga mimi, usiku, kila mara umeme uliporudi. Dada mmoja aliyetufuata promosheni mbili nyuma alitupatia andiko juu ya shamba la mihogo la baba yake, marehemu. Andiko lilimalizika na jina la mzee, peke yake kwenye mstari wa mwisho. Mimi nilitaka yote yaenee kwenye ukurasa mmoja, basi nikausukuma mstari ule chini kabisa, karibu na ukingo. Kwenye kompyuta ilionekana vizuri. Mchapaji akakunja, akapiga agrafe, akapitisha nakala kwenye mashini ya kukata ili kingo zilingane. Jina likaenda na vipande. Nakala zote 150. Dada alipofungua yake aliniuliza neno moja tu: "Yaya, jina ya papa iko wapi?"

Siku ile nilimkasirikia mchapaji bure. Kumbe kosa lilikuwa langu: nilipanga skrini, sikupanga karatasi. Karatasi ni kitu chenye mwili. Ukikunja karatasi nyingi pamoja, zile za ndani zinatokeza nje kuliko za juu, juu kila mkunjo una unene wake. Lazima zikatwe. Njo maana picha inayofika ukingoni inaongezwa kama milimita 3 za kupotea, na maandishi yanarudishwa ndani, angalau sentimita 1, mimi sasa naacha 1 na nusu. Ile nafasi nyeupe pembeni nilidhani ni hasara ya karatasi. Ni kama njia ya kupitia kati ya mistari ya mahindi: usipoiacha, utakanyaga mimea.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Chukua karatasi moja ya A3, ikunje katikati: una kurasa 4 za A4. Ya A4 ukiikunja, una kurasa 4 za A5. Hakuna namna ya kupata kurasa 5. Jarida la agrafe linaenda kwa 4: 16, 20, 24. Sisi tulipeleka kurasa 22. Mbili za mwisho zikatoka tupu, na tulizilipia kama zingine.

Lakini ona kilichotokea. Baada ya miezi michache nilianza kuomba watu wanionyeshe nakala zao. Wengine walikuwa wameshazipoteza, na moja niliikuta sokoni Kadutu ikifungia karanga, nilinunua karanga pamoja na jarida. Kwa zile zilizobaki, kurasa zilizochakaa zaidi ni zile mbili tupu. Mmoja aliandika hesabu ya likelemba. Mwingine alimjibu mwandishi wa ukurasa wa 9, kwa hasira, mistari kumi na mbili. Hakuna maoni ya simu yaliyonifundisha namna ile. Basi toleo la pili litakuwa na kurasa 2 za mistari mitupu, kwa makusudi, na karatasi yake haitakuwa ile ya kungaa, juu biki inateleza pale.

Hapo njo nilianza kuelewa kwamba umbo la jarida si mapambo. Ni jibu la swali: kitu hiki kitafanya nini mikononi mwa mutu? Walionifungua macho zaidi ni watu wa Chimurenga, jarida la Cape Town, Afrika Kusini, lililoanzishwa mwaka 2002 na Ntone Edjabe, mzaliwa wa Kamerun. Jina lenyewe ni la Kishona, linahusu mapambano ya ukombozi. Mwezi wa tano 2008 wageni wa Kiafrika walishambuliwa kule Afrika Kusini, watu zaidi ya 60 wakafa. Magazeti yaliandika haraka haraka, halafu yakaendelea na habari zingine. Miaka mitatu baadaye, 2011, Chimurenga walitoa toleo zima juu ya ile wiki, wakishirikiana na Kwani? ya Nairobi na Cassava Republic ya Nigeria. Na walilitoa kwa umbo gani? Gazeti. Karatasi kubwa za kukunja, lenye tarehe ya Mei 2008, kama vile limechapwa wiki ile ile.

Fikiria uamuzi huo. Gazeti ni kitu cha leo, kesho kinafungia samaki. Wao walichukua kitu hicho cha kutupwa wakakirudisha nyuma, wakaandika polepole kile kilichoandikwa mbio. Wangetoa yale maneno kama kitabu kizuri chenye jalada gumu, yangekuwa historia. Kwa umbo la gazeti, unashika ile wiki mkononi na unajiuliza kwa nini haukuisoma hivi wakati ule. Mimi naona umbo pale linabeba nusu ya hoja.

Kwani? wenyewe, walioanza kuchapa mwaka 2003 wakiwa na Binyavanga Wainaina, walichagua njia nyingine: unene wa kitabu, kitu cha kuweka kwenye rafu, na ndani yake Sheng ikakaa bila kuomba ruhusa. Nao pia walikuwa na swali lao: je, lugha ya barabarani inaweza kuwekwa mahali pa heshima? Jina la jarida lenyewe ni swali.

Sisi hatuna makuta ya namna hiyo. Tuna wino mweusi na karatasi ya kawaida, na sioni aibu. Kitu kimoja tu naomba: picha msinitumie kwa WhatsApp kama picha, inazibana, zinatoka kama ukungu wa asubuhi. Tumeni kama dokima, au nileteeni kwa fleshi. Picha inahitaji nukta kama 300 kwa kila inchi ili ichapike safi, na inchi moja ni sentimita 2 na nusu tu. Tena, kwa A4 tutagawa safu mbili. Mstari unaopita herufi 75 hivi unachosha jicho, linarudi kushoto na kupotea, linasoma mstari ule ule mara mbili. Wale wa memwari wanajua.

Kabla ya kugusa kompyuta, nilichukua karatasi sita, nikazikunja, nikaandika namba za kurasa kwa kalamu, 1 hadi 24, kisha nikazifungua. Fanyeni nyumbani mutaona: ukurasa wa 1 unalala upande mmoja na wa 24, wa 2 na wa 23. Kila ukurasa una jirani usiyemtegemea. Ni katikati tu, 12 na 13, majirani wa kusoma ni majirani wa karatasi pia: karatasi moja, imelala wazi, agrafe mbili tu zinaishika.

Andiko la shamba la mihogo tunalichapa tena, pale. Nilimpelekea dada ile nakala ya kukunja kwa mkono Jumapili baada ya misa. Alipima kwa kidole nafasi iliyo chini ya jina, akaniambia nipandishe tena kidogo. Nimepandisha.