Mistari ikionekana imepinda, usisubiri: jinsi kovu linavyoziba jicho la mzee

Bibi anatembea mwenyewe mpaka kwenye foleni ya mgao. Hajikwai, haingii shimoni. Lakini akifika mezani hawezi kusoma namba kwenye kadi yake, na ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu inabidi amwombe mtu amsomee. Jirani anampungia mkono, naye anapita bila kuitikia. Wengine wanasema anaringa. Wengine wanasema ni uzee tu.

Mtu anayeona vizuri pembeni lakini haoni katikati anaweza kuwa na ugonjwa wa makula unaotokana na umri. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50. Katika nchi zetu, sababu kubwa ya upofu kwa wazee ni mtoto wa jicho, tatizo ambalo hutibiwa kwa upasuaji. Ugonjwa wa makula ni tofauti. Ukifika hatua ya kovu, hakuna miwani wala upasuaji wa kawaida unaorudisha kilichopotea. Kwa hiyo ni muhimu kuutambua kabla ya kovu.

Makula ni nini?

Nyuma kabisa, ndani ya jicho, kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Unapokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo. Katikati ya retina kuna sehemu yenye upana wa milimita 5 hivi, inayoitwa makula. Ni ndogo, lakini ndiyo tunayoitumia kusoma, kupitisha uzi kwenye sindano, kuchambua maharage na kutambua uso wa mtu. Sehemu nyingine ya retina hutuonyesha vilivyo pembeni.

Nyuma ya seli zinazopokea mwanga kuna safu moja ya seli nyeusi. Hizi ni kama wapishi na wafagiaji wa retina. Zinapitisha chakula na oksijeni kutoka kwenye mishipa ya damu iliyo nyuma yake, na kila siku zinameza vipande vilivyochakaa vya seli za mwanga. Kati ya seli hizi nyeusi na mishipa ya damu kuna ukuta mwembamba. Chakula hupita hapo kuingia, na taka hupita hapo kutoka.

Kovu linaanzaje?

Miaka ikisonga, wafagiaji hawa huchoka. Taka za mafuta na protini hujikusanya kwenye ukuta na kuwa madoa madogo ya manjano, ambayo daktari huyaona anapomulika ndani ya jicho. Mwanzoni mtu anaweza asihisi kitu. Hii ndiyo aina kavu, na wagonjwa wengi wako kwenye kundi hili. Kwa baadhi yao, uwezo wa kuona hupungua polepole kwa miaka mingi.

Lakini kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, mambo hubadilika haraka. Seli zilizo taabani hutoa kwa wingi protini inayoitwa VEGF, ambayo kazi yake mwilini ni kuita mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo huota na kupenya ukuta uliochakaa, kama mizizi ya mti inavyopasua sakafu. Ni mishipa dhaifu. Inavuja maji, na wakati mwingine damu, chini ya makula. Hii ndiyo aina ya majimaji.

Mwili ukikuta damu na uvimbe mahali hapo, unafanya kile unachofanya kwenye kidonda chochote: unajaribu kuziba. Seli za ulinzi zinafika. Baadhi ya wale wafagiaji huacha kazi yao, hubadilika umbo na kuanza kutengeneza nyuzi ngumu, kama zile zinazojenga kovu la ngozi. Nyuzi zinaongezeka na kukaza. Pale palipokuwa na majimaji panabaki bonge jeupe au la kijivu. Hilo ndilo kovu.

Kwa nini si sawa na kovu la mguuni?

Ukijikata na jembe mguuni, kovu ni msaada. Linaziba kidonda, nawe unarudi shambani. Ndani ya jicho, kovu lilelile linaleta hasara. Linasimama kati ya seli za mwanga na wale waliokuwa wakizilisha. Seli hizo zinakosa oksijeni na kufa, na kwa binadamu seli za retina zikifa haziоti tena. Mtu anabaki na doa jeusi au ukungu katikati ya kila anachokitazama.

Maji na damu vikiwahiwa vinaweza kutibiwa. Kovu likishakaza, halitibiki. Muda ulio katikati unaweza kuwa wa wiki au miezi michache tu.

Dalili za kuangalia

- Vitu vilivyonyooka, kama fremu ya mlango au nguzo ya umeme, vinaonekana vimepinda au vina mawimbi.
- Kuna doa au ukungu katikati ya unachotazama.
- Ukisoma, baadhi ya herufi zinapotea.
- Unamtambua mtu kwa sauti au mwendo, si kwa uso.

Ugonjwa huu hauumi, na jicho haliwi jekundu. Tena jicho zima huficha udhaifu wa jicho lenye ugonjwa, ndiyo maana wengi huchelewa.

Unaweza kujipima nyumbani. Chukua ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba na uweke nukta katikati. Kama una miwani ya kusomea, ivae. Ziba jicho moja kwa kiganja, tazama nukta, kisha badilisha jicho. Mistari ikionekana imepinda, imekatika au imefunikwa na doa, nenda kituo cha afya siku hizohizo. Usisubiri mwezi ujao.

Ukifika, usiseme tu "sioni vizuri," maana unaweza kupelekwa kwenye foleni ya miwani. Sema: "Mistari iliyonyooka ninaiona imepinda, na ilianza siku fulani." Omba barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa macho.

Matibabu yapo?

Kwa aina ya majimaji, ndiyo. Daktari huingiza ndani ya jicho dawa inayozuia ile protini ya VEGF. Jicho hutiwa ganzi kwanza. Sindano hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Mojawapo ya dawa hizo, bevacizumab, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na tangu 2013 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya macho. Si kila hospitali inayo. Kabla ya kusafiri, uliza kama ipo, ni bei gani na nani atalipia.

Dawa hii huzuia mishipa kuvuja, lakini haiyeyushi kovu. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Marekani, karibu nusu ya macho yaliyotibiwa yalikuwa na kovu baada ya miaka 2. Hata hivyo wengi waliotibiwa walilinda uwezo wao wa kuona. Anayewahi ana nafasi kubwa zaidi.

Hakuna dawa ya matone wala ya mitishamba inayoondoa kovu la retina. Usitie jichoni maji ya majani au kitu kingine utakachouziwa sokoni. Kama unavuta sigara, acha: uvutaji huongeza sana hatari ya ugonjwa huu. Mboga za majani kama mchicha na sombe, pamoja na samaki, ni chakula kizuri kwa macho.

Kama kovu limeshakuwepo

Ugonjwa huu peke yake hauleti giza kamili. Uwezo wa kuona pembeni hubaki, na mzee anaweza kuendelea kutembea, kupika na kulima. Msaidieni kwa taa yenye mwanga mkali, kioo cha kukuza maandishi na herufi kubwa kwenye simu. Wengine hujifunza kutazama kwa upande kidogo, ili doa lisifunike kitu. Achague mtu mmoja anayemwamini wa kumsomea ujumbe wa pesa, na namba ya siri abaki nayo mwenyewe.

Baadhi ya waliopoteza uwezo wa kuona katikati huanza kuona vitu ambavyo havipo, kama watu, wanyama au maua. Huo si uchawi, na si lazima uwe ugonjwa wa akili. Mara nyingi ni ubongo unaojaza pengo lililoachwa na jicho. Mzee akikuambia hivyo, usimcheke wala usimfiche. Mweleze daktari.

Na ukikutana naye njiani, usipunge mkono tu. Sogea karibu, msalimie na ujitaje: "Shikamoo bibi, ni mimi jirani yako, Mama Neema." Atakuitikia.